Sweta Nyekundu Kwenye Majani Chai

"Chai imechomwa na barafu," Baba alisema kwa simu. "Mwambie Kipkurui aje kesho na watu wake wapogoe yote."

Baba ni baba mkwe wangu, Mzee Kebaso. Tangu apasuliwe mguu anakaa Mulot kwa binti yake Lenah, na shamba letu la Boito analiangalia kwa video ninazomtumia, anazozitazama kwenye TV ya Lenah. Chai ikipogolewa tunakaa miezi bila kuchuma. Lakini kwetu Wakisii mkamwana habishani na baba mkwe. Nikasema, "Sawa, Baba," nikatoka nje kuangalia.

Chai ilikuwa kijani mpaka inang'aa.

Nikafungua kwenye simu yangu ile video niliyomtumia. Kijani vilevile. Sasa barafu aliiona wapi? Nikampigia Lenah.

"Wifi, hebu cheza ile video unipigie picha ya TV yako."

"Unataka kuninunulia ingine?"

"Piga tu."

Picha ikaja. Chai ilikuwa imepauka kama majivu. Katikati ya mistari alisimama mwanangu Omariba na sweta nyekundu aliyonunuliwa na babu yake. Sweta nayo ilikuwa imepauka. Nikageuza shingo nikamwangalia Omariba niliyembeba mgongoni, kwa sababu alikuwa ameivaa. Nyekundu kabisa.

Nikampigia Mwalimu Mbuthia, anayetufundisha kuhariri video kwenye masomo ya jioni.

"Sellah, simu yako inarekodi HDR," akasema. "Hiyo inabeba mwanga mwingi kuliko TV ya zamani inavyoweza kuusoma. Ulipoitoa video kwenye programu ya kuhariri, uliiacha hivyo?"

"Niliona ni ubora wa juu, nikaweka tiki."

"Ubora wa juu kwa macho ya nani?"

Sikuwahi kufikiria hivyo. Nikafungua laptopu, Omariba akinivuta nywele. Nikabadilisha rangi za kazi nzima ziwe za kawaida, na kijani kikatulia mbele yangu polepole. Nikatoa video upya, hii sasa bila HDR. Bado nilikuwa najiuliza ule mwanga uliozidi umekwenda wapi. Nitamuuliza Mwalimu.

Sikumwandikia Baba kwamba amekosea. Nilimtumia video mpya na kuandika: "Baba, Omariba anakusalimia na sweta yake."

Nikangoja, simu mkononi. Ikalia.

"Mama Omariba, kwa ile video ya kwanza alivaa sweta hii?"

"Ni hiyo hiyo, Baba. Hataki kuivua."

Akakohoa. Nyuma yake nikamsikia Lenah: "Kumbe barafu ya Boito inachoma hadi sweta."

"Nyamaza wewe na TV yako." Kisha akarudi kwangu, sauti imeshuka. "Mwambie Kipkurui asije. Na kesho ukichuma, nionyeshe ile mistari ya karibu na mto. Video uitoe kwa njia hii ya leo."

"Sawa, Baba," nikasema, na safari hii nilimaanisha.