Gobore la Kuazimana

Shamte alipoachiwa na mahakama ya Newala, nyumba yake kule Makote ilijaa watu mpaka uani. Alikuwa amekamatwa na gobore lisilo na kibali, wengi wakajua ndiyo kwaheri; hakimu akampa kifungo cha nje. Kuku wakachinjwa.

"Hebu sema, ulimlisha nini hakimu?" aliuliza Selestini, jirani aliyejipatia kitoweo kila Shamte, Mwislamu, alipoua nguruwe mihogoni na kuwaacha palepale.

"Nilisema kweli! Mheshimiwa, nguruwe wanatumaliza. Na mimi si mchoyo: gobore langu kama kinu, mwenye shida anapita anachukua, hata nisipokuwepo. Hakimu akacheka!"

"Mwongo wewe. Hakimu hacheki."

"Alicheka," mkewe Bimdogo akajibu kutoka jikoni. "Ila mwendesha mashtaka hakucheka. Alikuwa anaandika."

Haukupita muda, wito ukaja. Jamhuri imekata rufaa Mahakama Kuu, Mtwara: adhabu ni ndogo mno. Na hoja yao ya kwanza ilikuwa yale yale maneno ya kinu. Nyumba ikajaa tena, safari hii bila kuku.

"Vuka Ruvuma," Selestini akashauri. "Shemeji zako wako Msumbiji, nani atakufuata? Kufungwa kwa kutokuwa mchoyo! Si wangeanza na wachoyo, Makote nzima ingehamia gerezani."

Kicheko hakijaisha, akaingia Mama Jumanne. Msimu uliopita, wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuja na fedha zao garini, mwanawe alipata kibarua cha kupakia magunia. Wakaviziwa njia ya Masasi. Jumanne akauawa kwa gobore, na waliompiga hawajajulikana hadi leo. Hata hivyo, kwenye sherehe ya Shamte alikuja akapika. Jirani ni jirani.

"Shikamoo mama," Shamte alimwamkia.

"Marahaba. Usiku ule alipouawa Jumanne, gobore lako alikuwa nalo nani?"

Shamte akafungua mdomo amtaje mtu. Jina halikuja. Gobore lilikwenda kupigwa kwenye sherehe za jando, likapita kijiji cha Chidya... au lilikuwa limesharudi?

"Sijui," akasema. "Wallahi mama, sijui."

"Basi ningekuwa jaji, ningekufunga."

"Mama Jumanne!" Selestini akafoka. "Mwenzio ana watoto!"

"Na mimi nilikuwa naye."

Shamte hakuvuka Ruvuma. Alipanda lori la korosho na Selestini, wakateremka Mtwara. Jaji alimuuliza swali kama lile la Mama Jumanne: gobore likiazimwa, huwa nalo nani? Naye akatoa jibu lile lile. Kifungo cha nje kikafutwa. Akapewa miaka miwili ndani.

Askari walipokuja kumchukua, Selestini alimsogelea, macho mekundu. "Bwege wewe! Ungesema gobore lilikuwa ndani, umelifungia! Nani angebisha?"

Shamte akavua kofia yake ya kitambaa, akampa aipeleke nyumbani.

"Hakuna," akasema. "Lakini ningerudi nyumbani, Mama Jumanne ningemwamkiaje?"