Aliyekula Pesa za Kadi Yangu

...apa, ulimi wangu, apa kwamba hili la Opal halitoki, maana juzi kwenye bingo ya kanisa nilimwapisha Geneva kwa kaburi la mama yake asimwambie mtu, na kahawa haijapoa mimi mwenyewe nimeshamwambia msusi, na ukimwambia msusi wetu umeiambia Toledo nzima, haya, huyo Opal, jirani yangu wa ukuta mmoja, mbele yangu kwenye foleni ya duka la dawa, kigari kimejaa, vitamini chupa nne, plasta, dawa ya kusukutulia ya kutosha kikosi cha wanajeshi, mdomo wake mmoja huo... ndizo dola zangu sitini hizo, maana kadi tulitumiwa na bima ya wazee mwezi wa kwanza, ya kununulia vitu vya afya, kila miezi mitatu wanaingiza sitini, nikaificha kwenye kopo la unga, nikasema acha zijae nije ninunue mashine ya kupima presha, mama alitulea hivyo, usile chote, mwezi wa nne zikaingia sitini nyingine, zikawa mia na ishirini, na wiki iliyopita napiga simu, kile kisauti cha mashine kinasema sitini, sitini! sasa nani anaijua namba yangu ya siri kama si Opal, aliyenifungulia kadi kwa simu yake kwa sababu macho yangu na maandishi yale madogo hayasalimiani... saa tano meneja wa jengo letu ananisubiri, nikimsemea atamfukuza, na nani atagonga ukuta asubuhi kuuliza kama nimeamka, tangu mume wangu Merle azikwe hakuna mwingine agongaye... mkoba wake ameuacha kwenye kile kiti cha mtoto cha kigari, mdomo wazi, risiti zinachungulia, mwenyewe amenipa mgongo, anamtazama mzee Huckaby anayebishana na keshia, niguse tu, ushahidi huo, kidole kimoja, viwili...

"Inakataaje? Pesa zimo!"

"Zimo, babu, lakini kadi hii hainunui chakula cha mbwa."

"Mbwa wangu ana miaka kumi na minne, naye ni mzee!"

...wanacheka, vizuri, wacheke, mkono umeshaingia mpaka kifundoni, leso, funguo, karatasi hizi...

"Basi nitaziacha zikae mpaka mwezi ujao."

"Zikae wapi, babu? Miezi mitatu inaisha leo. Usipozitumia zinafutwa. Kesho zinaingia mpya, za zamani haziongezwi juu."

"Chukua plasta, mzee wangu," Opal huyo anadakia, "chukua hata dawa ya kikohozi, utakohoa tu siku moja! Mimi siwaachii hata senti."

...zinafutwa? zinafutwa, hivyo zile za kwanza zilikwenda mwezi wa tatu ulipokwisha, zikiwa ndani ya kopo langu la unga, nimezikalia kama kuku anayeatamia mawe, hakuna aliyezila, Opal hakuzila, ee Mungu, Opal wangu hakuzila, kifua kimefunguka kama dirisha baada ya baridi, kesho asubuhi ukuta utagongwa, nami nitagonga, meneja nitamwambia bomba langu linavuja, Geneva nitamwambia... msusi je, aa, msusi nitamsukia uongo mwingine, na zile sitini za sasa, leo, leo hii, hiyo mashine ya presha iko safu ya tatu ya rafu, bado nina...

"Ardith! Mkono wako unatafuta nini kwenye mkoba wangu?"

...keshia amesimama na chupa hewani, mzee Huckaby amegeuka na kadi yake, foleni nzima imerefusha shingo, na mkono wangu umo ndani mpaka kiwiko, vidole vimeshika risiti tatu na pipi ya mnanaa, Opal ameshika kiuno, "Bibi we, nakuuliza!", nami siwezi hata kuutoa, kwa kicheko.