Unasikiaje Upande wa Kushoto

"Unasikiaje, Madam? Kifuani au miguuni?"

Sindano, fundi cherehani, alikuwa na uzi mdomoni maneno hayo yalipomfikia kutoka uani. Sauti ilikuwa ya mumewe, lakini laini, kama iliyopigwa pasi. Kule nje mume akatulia kusikiliza simu, akacheka kidogo, kisha akaendelea: "Pole sana. Hebu jiegemeze... eeh, hapo hapo. Sasa je? Joto limepungua?"

Cherehani ikasimama yenyewe.

Mume huyo mtaa mzima ulimwita Barafu, kwa kuwa alikuwa fundi wa viyoyozi vya magari, na hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Akirudi kazini anavua viatu, anakula, anasema "asante, mama," kisha usingizi unampitia na taulo begani. Mkewe akinuna, haoni. Mkewe akifurahi, haoni vilevile. Kwa hiyo kilichomchoma Sindano hakikuwa Madam peke yake. Lilimchoma lile swali. Kumbe maneno matamu anayo! Kumbe alikuwa anayabania nyumbani, anakwenda kuyagawa kwa watu!

Wifi yake, dada wa Barafu, aliyekuwa akikaa nao, alikuwa kwenye kochi anapaka rangi kucha za miguu, masikio yamemsimama.

"Wifi, umesikia?"

"Nisikie nini? Mimi nashona."

"Unashona hewa. Uzi si huo mdomoni?" Wifi akapuliza ukucha mmoja. "Kaka yangu ni kaka yangu, lakini haki isemwe."

"Ni mteja, wewe. Wanaongea habari za gari."

"Na gari lina kifua?"

Sindano alijitia hamnazo, akajaribu kutunga uzi, lakini tundu la sindano lilimkwepa mara kwa mara.

Lilikuwapo jambo ambalo hata wifi hakulijua. Dada mkubwa wa Sindano alikuwa amemwita mji mwingine, washone pamoja, akae huko huko. Sindano alikuwa hajakubali wala kukataa. Alingoja mumewe amuulize, hata mara moja tu, "Mbona uko kimya hivyo?" ili amweleze. Hakuulizwa. Sasa kwa wivu akakata shauri: anakwenda. Ila kabla ya kumpigia dada, amwone huyo Madam kwa macho yake.

Kesho yake mchana alifika gereji wenzake Barafu wametoka kwenda kula. Katikati ya banda lilisimama gari jeusi linalong'aa hadi unajiona meno, viti vyake vya ngozi vimefunikwa nailoni. Madam hakuwapo. Alikuwapo Barafu peke yake, nusu ya mwili ndani ya gari, shavu ameliweka juu ya dashibodi.

"Haya, niambie basi," alikuwa akilibembeleza. "Unanificha nini, mrembo?"

Sindano akahisi damu inampanda kichwani. Afadhali angekuwa mwanamke! Mwanamke unamtukana, anakujibu, mnavutana nywele, mnamaliza. Gari utalifanya nini?

"Endelea tu," alisema. "Msijali mimi."

Barafu alijigonga kichwa. "Ah! Mke wangu! Afadhali umekuja, Mungu amekuleta. Ingia, kaa hapo kushoto."

"Nikae wapi?"

"Hapo. Hili gari lina kiburi. Likiona kiti hakina mtu, halipulizi upande ule. Mwenyewe analalamika mama yake akikaa kushoto anapigwa na joto. Jana mwenyewe alikaa hapo nikamuuliza kwa simu, hakueleweka, na mimi nikipima peke yangu sioni kitu. Nimeweka betri ya lori juu ya kiti, gari likadanganyika, likapuliza. Lakini betri utaiuliza inasikia nini?"

"Kwa hiyo mimi nimekuja baada ya betri."

"Kaa bwana! Na usiongee mpaka nikuulize."

"Hilo nimelizoea."

Akaketi. Nailoni ikalia chini yake. Barafu akaingia upande wa dereva, akafunga milango, akawasha injini. Upepo mtamu ukampiga Sindano usoni.

"Unasikiaje?"

"Baridi."

"Inatosha?"

"Inatosha."

Barafu akabonyeza vitufe, akangoja. Nyuma ya dashibodi kukaanza kulia tik, tik, tik, na upepo ukageuka kuwa kama wa mdomo wa tanuri.

"Sasa?"

"Joto."

"La ghafla au la polepole?"

"La ghafla."

Barafu alijilaza hadi sikio likagusa dashibodi mbele ya magoti ya mkewe, akafumba macho. Uso ulimchangamka kama wa mtu aliyeletewa habari njema. "Unaisikia hiyo? Ni kimota cha kufungua kijimlango cha hewa, jino limevunjika. Gesi ipo, baridi ipo, hakuna kilichopungua. Nilikuwa nahangaika bure." Kisha, bila kufumbua macho: "Na sasa hivi unasikiaje?"

"Nasikia wivu."

"Wa usoni au wa..." Mdomo ulikuwa umeshatangulia. Barafu akafumbua macho.

"Umeniuliza, nimekujibu," alisema Sindano. "Naona wivu na gari, mume wangu. Hilo unalilalia, unalisikiliza hadi pumzi. Mimi nikikaa kimya unadhani ni tabia. Dada ananiita nikashone kwake, na nikienda sirudi. Ningempigia simu leo."

Barafu akaketi wima, bisibisi mkononi.

Kioo kikagongwa. Mwanamke mrefu, nadhifu, miwani kichwani, alikuwa amesimama nje. "Fundi! Vipi, tayari? Nina kikao!"

Barafu alishusha kioo kidogo. "Madam, ugonjwa nimeupata. Lakini subiri kwanza."

"Nisubiri nini tena?"

"Naongea na mke wangu."

"Ndani ya gari langu?"

"Ndiyo, Madam. Samahani sana."

Akapandisha kioo, akazima injini. Mara moja joto la paa la bati likawaingilia, jasho likawatoka. Hakuna aliyegusa mlango.

"Umesema 'ningempigia,'" Barafu alisema taratibu. "Hukusema 'nitampigia.'"

Sindano alishtuka. Hakuwa amejisikia akisema hivyo.

"Basi ni ipi kati ya hizo mbili?"

"Sijui," alisema, na ilikuwa kweli. Akaegemea kiti cha watu. "Inategemea utaniuliza mpaka wapi."

"Mpaka unyamaze mwenyewe."

Nje, Madam alizunguka banda zima akitafuta tairi safi la kukalia.