Leseni Iliyopanda Pikipiki

Mimi sina subira, na sijawahi kujifanya ninayo. Kwa hiyo asubuhi ile kompyuta iliponiandikia "Leseni haikupatikana", niliibishia kwa sauti. "Haikupatikana wapi, wewe? Si ulikuwa nayo Ijumaa!"

Mkuu wa maabara alikuwa amesimama nyuma yangu, amevaa tai mpya. "Inasemaje?"

"Inasema haitujui."

Tai nayo ilionekana kumbana ghafla. Maabara yetu hupima dawa za maji za watoto. Tuna mashine ya kromatografia: inavuta tone la dawa, inalisukuma ndani ya bomba jembamba, na kila kilichomo kinatoka kwa wakati wake. Programu ya kompyuta ndiyo inayoona kinachotoka na kukichora kama vilele kwenye kioo. Kilele kikisimama mahali pake, dawa ipo. Kikichomoza mahali pasipo pake, kuna uchafu. Bila programu, mashine nzima ni kabati la gharama.

Programu yetu ya zamani ilikuwa na tabia mbaya. Mtu angeweza kufuta jibu asilolipenda na pasibaki hata alama. Mkaguzi alipoliona hilo, alituambia bila kuzunguka: "Nikirudi nikute programu inayojua nani kafanya nini. La sivyo nachukua kibali chenu cha kupima dawa." Ni mimi niliyehangaika mpaka ikanunuliwa mpya, ni mimi niliyeiweka, na ni mimi niliyesimama kwenye kikao nikasema, akija atakuta inafanya kazi. Sasa mkaguzi huyo alikuwa njiani, na mimi natazama sentensi ya maneno mawili.

Isitoshe, nyumbani nilikuwa nimetoka na simanzi. Mama mkwe wangu alikuja kwetu kupasuliwa jicho. Jicho lilipona, akakaa, tukamzoea, watoto wakawa hawalali mpaka awachekeshe. Halafu asubuhi ile nikamkuta sebuleni na begi lake, amefunga zipu.

"Mwanangu, mimi hapa kwenu sina kazi," aliniambia. "Mnaondoka wote, mimi nabaki kutazamana na friji. Acha niende zangu."

Nilimwomba akae. Akaniuliza, "Nikae nifanye nini?" Nilikuwa nimechelewa, jibu sikuwa nalo, nikaondoka. Iliniuma, kwa sababu yule mama nampenda kuliko anavyojua.

Basi, tukamwita Fundi Waya, anayetutengenezea kompyuta. Alikuja na bisibisi nyuma ya sikio, akakaa, akabonyeza huku na kule, akatabasamu.

"Dada, hii ndogo. Mliipata kwanza ikiwa ya majaribio, sivyo? Muda wake umeisha mwezi huu. Tunarudisha saa ya kompyuta nyuma, inadhani bado tuko mwezi uliopita, inafunguka. Mkaguzi akiondoka, tunairudisha."

"Fundi!" Nilipiga meza mpaka chupa zikagongana. "Programu imenunuliwa ili isidanganywe, halafu kitu cha kwanza tuidanganye? Kila jibu inaliandikia saa yake. Saa ikiwa ya uongo, kila kitu ni uongo. Ondoa mkono wako hapo!"

Mkuu wa maabara, ambaye nilimwona kabisa ameanza kutikisa kichwa kukubali, aliacha kukitikisa.

Nikasoma tena. Chini ya ile sentensi kulikuwa na namba ndefu, herufi na tarakimu zimechanganyika. Fundi alipoiona, akaacha mzaha. Leseni za namna hii hapewi mtu, inapewa kompyuta. Siku ya kuiomba, programu inachukua namba ya kifaa kinachoiunganisha kompyuta na mtandao, maana kila kifaa cha aina hiyo kinatoka kiwandani na namba yake. Wenye programu wanaandika leseni kwa namba hiyo tu. Fundi akafungua orodha ya vifaa vya kompyuta yetu, akalinganisha kimoja kimoja.

"Namba hii si ya kompyuta hii, dada. Siku mlipoomba kulikuwa na kitu kingine kimechomekwa hapa. Leseni ni ya hicho kitu."

"Hapakuwa na kitu chochote."

"Fikiri."

Nikafikiri. Ijumaa mtandao wa ofisi ulikatika. Simu yangu ilikuwa imedumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Kwa hiyo nilikuwa nimeazima simu ya... Nikashika kichwa.

"Mungu wangu! Leseni nimempa mama mkwe!"

Ndivyo ilivyokuwa. Nilichomeka simu yake kwa waya ili kompyuta ipate mtandao, na nikaiacha hapohapo mchana kutwa. Tumeomba leseni, imekuja, tumefanya majaribio yote, yamepita, tumeshangilia, na simu imelala pembeni na waya wake, haina hili wala lile. Jioni nikaichomoa, nikaitia kwenye mkoba, nikaenda kumrudishia mwenyewe.

Fundi Waya alicheka mpaka akakaa chini. Nilitaka kumrushia kitu, nikajikuta nami nacheka, kwa sababu angalau ugonjwa ulikuwa umejulikana.

"Tuombe nyingine," alisema mkuu.

"Nimeshaomba sasa hivi. Ofisi yao imefungwa, huko kwao watu bado wamelala. Hawatajibu kabla mkaguzi hajafika."

"Basi simu iko wapi?"

"Iko kituo cha basi," nilisema, na kicheko kikaniisha. "Inasafiri."

Nikapiga kwa simu ya mkuu. Iliita, ikaita, roho yangu ikawa juu juu.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Mama, ni mimi! Uko wapi?"

"Niko kwenye foleni, tunapanda. Kwani nimesahau nini?"

"Usipande, Mama! Tafadhali usipande!"

"Yarabi! Watoto wana nini?"

"Watoto wazima. Ni simu yako. Programu yetu haifunguki bila simu yako."

Nikasikia kondakta akiita watu. Halafu mama mkwe akasema taratibu, "Mwanangu, jana ulilala kweli?"

"Mama, sina muda wa kueleza! Mkaguzi anakuja, bila simu hiyo tunanyang'anywa kibali. Chukua pikipiki uje."

"Si nimpe mwenye pikipiki akuletee?"

"Akipotea nayo? Njoo nayo wewe mwenyewe, Mama. Wewe mwenyewe."

Nikasikia akimwambia mtu, "Nishushieni begi langu! Natakiwa maabara!" Hata kupitia simu, nilisikia sauti yake imebadilika.

Nilishuka ngazi mbiombio nikasimama getini. Mkaguzi ndiye aliyetangulia. Alishuka garini na miwani yake na uso wake usiosema kitu, tukasalimiana, nikawa namweleza habari za maua ya bustani, maua yenyewe yamekauka. Hapo ndipo pikipiki ilipopinda kona kwa kishindo. Nyuma amekaa mama mkwe wangu, kofia ngumu imemfunika hadi kwenye nyusi, begi kalikumbatia kifuani, simu kaishika juu.

"Nimefika!" alipaza sauti. "Leseni hii hapa!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mkaguzi alimtazama, akanitazama.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama mkwe wangu," nilisema. "Tukifika ndani nitakueleza yote."

Maabara haiingiwi hivi hivi, kwa hiyo tulimvisha mama koti jeupe na miwani ya kukinga macho. Nikachomeka waya. Fundi akawasha mtandao wa simu. Nikafungua programu, nikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kioo kikawa cheusi, kikawa cheupe, halafu likatokea jina langu na mahali pa kuandika neno la siri.

Nilipiga kigelegele. Ndiyo, mbele ya mkaguzi. Mama mkwe akanipokea bila hata kujua tunashangilia nini.

"Hiyo simu inafanya nini hapo?" aliuliza mkaguzi.

Mkuu alifungua mdomo, nami nikamwahi. Nilieleza kila kitu: mtandao uliokatika, ndoo, waya, Ijumaa. Nilisema kosa ni langu. Mkaguzi alisikiliza bila kupepesa.

"Na saa ya kompyuta, mliigusa?"

"Hatukuigusa."

Hakuniamini kwa maneno. Alivuta kiti, akafungua mwenyewe kumbukumbu za programu, akazisoma mstari kwa mstari. Fundi Waya alikuwa anajifuta kijasho chembamba. Nilimshukuru Mungu kwa hasira zangu.

"Haya. Pima dawa, nione."

Nikaweka chupa. Mashine ikavuma. Mstari ukatambaa chini, ukatambaa, halafu ukaanza kupanda.

"Mlima huo!" alisema mama mkwe.

"Kilele, Mama."

"Sasa jaribu kufuta jibu," aliagiza mkaguzi.

Nikajaribu. Programu ikakataa, na papo hapo ikaandika jina langu, saa, na kwamba nimejaribu kufuta. Mama mkwe alisogeza uso karibu na kioo.

"Kumbe ina umbea, mwanangu! Imekusema hapo hapo!"

Mkaguzi akacheka. Naapa, alicheka, na miwani ikamteleza puani.

"Kibali mnabaki nacho," alisema akifunga mkoba. "Hilo la simu mliandike kama kosa, na leseni ya kompyuta yenyewe ikija mnijulishe. Lakini mpaka ije, simu hii kila siku ya kazi iwe hapa. Isipokuwepo, hampimi."

Mkuu akamgeukia mama mkwe kwa adabu zote. "Mama, unaweza kutuachia simu yako?"

"Niwaachie simu yangu? Na wanangu wakinipigia?"

Begi lake lilikuwa pale mlangoni, na basi jingine lilikuwepo mchana. Likanirudia swali lake la asubuhi: akae afanye nini?

Hapo simu ikaita. Alikuwa shemeji yangu, aliyekuwa akimngojea huko alikokuwa anakwenda. Mama mkwe hakuichomoa. Aliinama pale ilipochomekwa, akabonyeza, na sauti ya shemeji ikajaa maabara nzima.

"Mama, mmefika wapi?"

Aliweka sawa kola ya koti lake jeupe.

"Nipo kazini, mwanangu. Nitakupigia nikitoka."

Akakata, akavuta kiti karibu na mashine. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Nilikwenda mlangoni nikachukua begi lake, nikaliweka kwenye kabati langu, nikafunga kwa ufunguo.