Nani Atalitamka

Mimi nikiwa na kalamu, hakuna wa kunishika. Nikifungua mdomo ndipo balaa linapoanza. Nina kigugumizi, na si kile cha kuchekesha kidogo kikapita. Hiki changu kinakaba. Neno linalonishinda kuliko yote ni jina langu mwenyewe. Nasema mawese, nasema manispaa, hata Mwandiga, mji wa jirani, nikijitahidi naitoa. Lakini mtu akiuliza, "Dada, unaitwa nani?" basi, shingo inakakamaa, macho yananitoka, na yeye anaanza kutazama saa.

Naitwa Mwanamvua. Hapa kwenye karatasi nalisema bila wasiwasi wowote.

Zamani nilikuwa nasemewa na mama. Zahanati, shuleni, msibani, mama mbele mimi nyuma: "Huyu ni Mwanamvua, binti yangu." Nilifika miaka thelathini na tisa nikiwa bado nasemewa, na sikuona haya. Hata alipolala kitandani miezi minane mambo yalikuwa yaleyale. "Mwanamvua!" anataka maji. "Mwanamvua!" nimgeuze. "Mwanamvua!" hana shida yoyote, anataka tu kujua kama nipo. Nami kwenye cherehani naitika, "Abee!" Mara nyingine niliitika kwa hasira, Mungu anisamehe. Hiyo abee haijawahi kunikwama hata siku moja.

Mama alifariki mwaka jana, siku tatu baada ya Idi. Tangu hapo jina langu halijatajwa ndani ya nyumba hii ya mtaa wa Rusimbi. Wateja wananiita Fundi. Wageni wakiniuliza jina nawaambia Asia, kwa sababu Asia inateleza. Siku moja mwanamke akaniita barabarani, "Asia! We Asia!" nikampita kavu, hadi akaja kunishika bega. Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikalia, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kulisahau jina langu.

Sasa, mashairi. Ninawaandikia watu wenye ndimi zao: ya harusi, ya kuaga mwalimu, ya kumsifu mtoto aliyehitimu. Kwetu Ujiji shairi halijaisha mpaka msomaji ajitaje ubeti wa mwisho, asipojitaja watauliza, "La nani hilo?" Kwa hiyo kila ninaloandika, ubeti wa mwisho naacha vinukta, na anayekwenda kulisoma anajaza jina lake. Watu wazima wanasifiwa kwa vina vyangu mji mzima, na mimi nimekaa pembeni nakula pilau.

Msomaji wangu mkubwa ni Hasna wa Kasingirima. Tumesoma chuo cha Kurani pamoja, tumechapwa pamoja. Ana sauti huyo, jamani! Hata akisoma orodha ya vitu vya sokoni utatafuta leso. Miaka sita sasa anasoma mashairi yangu redioni, kipindi cha Ijumaa baada ya Alasiri, ambapo wasikilizaji wanapiga simu na mtangazaji Oswald anawapokea.

Alhamisi moja alikuja kuchukua shairi la kumuaga Mwalimu Restituta aliyepata uhamisho. Mimi nilikuwa nampima mteja, nikamwonyesha kwa kidole: daftari lile, pale mezani. Akapiga picha kurasa kwa simu yake, akaondoka.

Ijumaa nilikuwa nashona pindo la gauni kwa mkono. Redio ni ya mama, iko chumbani kwa mama juu ya sanduku lake, na sijaihamisha. Naiwasha asubuhi naiacha iongee, nyumba isiwe kimya. Mara nikasikia sauti ya Hasna:

*Ulimi wangu mzito, jina langu launasa,*
*Tangu ningali mtoto, hadi leo, hadi sasa,*
*Maneno ni kama mto, kwenye jina hunitosa,*
*Nani atalitamka, mama hayupo nyumbani?*

Sindano iliniingia kidoleni. Hilo halikuwa la kuaga mtu. Hilo niliandika siku ya arobaini ya mama, wageni walipoondoka na masufuria yao. Hakuna aliyewahi kulisoma. Hasna akalishusha beti zote tano, taratibu, na mwisho akataja jina lake: Hasna binti Zubery. Oswald akasema, "Pole sana, dada Hasna. Hatukujua kama unapitia hayo."

Pole, dada Hasna! Yeye mama yake yupo hai, anauza dagaa, anamwita jina kutwa nzima mpaka majirani wanachoka. Niliona wivu, na niliona uchungu, kama mtu aliyeibiwa kaburi.

Asubuhi Hasna akaja mbio, kang'aa. "Shoga, watu wamelia! Simu haijapumzika tangu jana!"

Nilitaka kumtukana. Matusi yote yalipanga foleni, la kwanza likakwama, na mengine nyuma yake yakakwama pia. Nikachukua chaki ya kushonea, nikaandika kwenye karatasi ya kukatia vitambaa: LILE NI LANGU.

"Yote si ni yako?" akashangaa. "Ilikuwa picha moja na la Mwalimu, nikaona hili limezidi utamu. Na nafasi ya jina uliniachia mwenyewe, kama siku zote. Si ungeniambia?"

Hapo akanimaliza. Kweli nilikuwa nimeacha vinukta. Lakini sikumwachia yeye. Niliviacha kwa sababu lile jina lilikuwa langu na nilijua siwezi kulisema, sasa niliandike la nini?

Akanitazama, na nikaona usoni kwake kwamba ameelewa. "Basi Ijumaa piga wewe," akasema haraka. "Lisome wewe, ujitaje, watu wajue..." Halafu akakumbuka anaongea na nani, akaziba mdomo kwa mkono. Angecheka ingeniuma kidogo kuliko ule mkono.

Wiki ile sikushona kitu cha maana. Nilikaa na ule ubeti wa mwisho. Nikaingiza jina langu, nikahesabu mizani kwa vidole, sawasawa. Nikijaribu kuusoma kwa sauti, ulimi unajikwaa palepale na mstari wote unabomoka. Nikabadilisha, nikabomoa, nikabadilisha tena. Jumatano nikachoka. Nikamwambia ulimi wangu, kimoyomoyo maana ndiko tunakoelewana: wewe huondoki, sivyo? Haya, njoo ukae. Nikaupa nafasi yake humohumo ndani ya mstari, na mizani ikatimia nane.

Ijumaa nikapiga. Simu ikapokelewa.

"Haloo, karibu kipindini! Jina lako nani na unapiga kutoka wapi?"

Mimi mjinga, miaka sita nasikiliza kipindi kile na nilisahau kwamba hilo ndilo swali la kwanza. Nikaanza, "Mwa... Mw..." Kimya. Nasikia pumzi yangu mwenyewe.

"Haloo? Haloo? Ah, mtandao huo, wasikilizaji. Atatupigia tena."

Ikakatika. Mtandao! Eti mtandao! Nilipiga meza kwa ngumi hadi kisanduku cha vifungo kikamwagika. Na katika hasira hiyohiyo nikapiga tena, na alipofika kwenye "Jina lako na—" sikumjibu. Nikaanza shairi.

Vina vinanishika mkono mimi, vikinishika natembea. Ubeti wa kwanza ukapita. Nikamsikia Oswald, "Lakini hili si la—" akanyamaza. Wa pili, wa tatu, wa nne. Jasho linanitiririka mgongoni. Nikafika wa mwisho:

*Kalamu chini natua, nimechoka kujibana,*
*Mkicheka nitajua, lakini sitajikana,*
*Mama alilichagua, mvua ikinya mchana,*
*Mimi Mwa-Mwa-Mwanamvua, nalitamka nyumbani.*

Hivyo ndivyo nilivyouandika. Kuutamka kulikuwa kitu kingine. Nilikuwa nimeukatia ulimi Mwa mbili, wenyewe ukachukua saba, au nane, sikuhesabu. Mizani ilikufa. Mji mzima ulinisikia nikigonga mlango wa jina langu. Nilifumba macho nikasubiri Oswald aseme mtandao.

Hakusema. Alisubiri. Nikagonga tena, na jina likatoka, lote.

Nimesimama peke yangu katikati ya sebule, vifungo miguuni, simu sikioni, na hakuna hata mmoja wa kumtazama usoni nijue kama nimefanya vizuri.

Katika kupaniki kwangu nilikuwa sijazima redio. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi. Oswald akashusha pumzi, akasema jina langu tu, taratibu, bila kuongeza neno. Simuni sikulisikia vizuri. Nililisikia kutoka kule chumbani, juu ya sanduku, ukubwa uleule wa sauti ya mtu aliyelala kitandani akitaka kujua kama nipo.

"Mwanamvua."

"Abee," nikaitika.