Kidonge kwenye Sahani ya Marehemu

Sukari ya Nana Basilia ilikuwa imepanda tena, na Marivic, mfamasia wa pale sokoni Batac, alikasirika waziwazi.

“Nana, hivi vidonge unakunywa au unawalisha kuku?”

“Vinaisha, mwanangu. Si kila mwezi naja kuchukua vingine?”

Foleni ikacheka. Bibi hakucheka, na Marivic akamkumbuka mtu mwingine. Marehemu mumewe, Tata Crispulo (pale kila mzee ni Tata, kila bibi ni Nana), alikuwa akisimama palepale kila mwezi, akiomba dawa ya nusu mwezi tu. Marivic alijua fika kwamba mzee anaruka siku za dawa. Lakini foleni ilikuwa ndefu, basi alimfungia nusu yake bila kuuliza kwa nini, akaita anayefuata. Mzee akakatwa mguu, kisha akafa. Siri ile ya nusu hata mkewe hakuijua. Tangu mazishi, Marivic akisikia mkongojo sakafuni, moyo humlipuka.

Safari hii hakuita anayefuata. Alifunga duka mchana kweupe, watu wakinung’unika, akamfuata bibi mpaka kwake.

Nana Basilia alipakua wali na samaki. Kabla ya kula akatenga atang, sahani ya marehemu, mbele ya picha ya Crispulo: wali, yai, tambuu, na kikombe cha pombe. Hilo si jambo geni, Marivic mwenyewe huwatengea wazazi wake. Ila bibi akachomoa kidonge chake cha sukari, akakiweka juu ya ule wali.

“Nana! Hicho ni chako!”

“Kila mlo nampa. Anakuja akiburuta mguu, ananiambia, Basilia, dawa haikunitosha. Sasa nimnyime? Wewe ungemnyima mumeo?”

Marivic akaketi bila kukaribishwa. Haikunitosha! Nani kamwambia bibi huyu? Akaitazama picha, akaona aibu kama mwizi.

“Nana,” alisema mwishowe, “ukifa wewe, nani atamtengea sahani?”

Bibi akaigeukia picha. Walikuwa hawakujaliwa mtoto.

Marivic akaendelea: “Dawa ina jina la mtu. Mume wangu yuko hai, na ya kwangu haigusi. Ya Tata nitamwandalia mimi mwenyewe.”

Akatoa bahasha ya dawa mkobani, akaandika jina la Crispulo, akahesabu punje za mchele ndani yake badala ya vidonge: za mwezi mzima, si nusu. Akaiweka kwenye sahani.

“Tata, hii ndiyo yako, kamili. Ya Nana usiiguse.” Akaisogeza karibu na picha. “Nisamehe.”

Nana Basilia akakirudisha kidonge mkononi, akakikodolea macho, akala, akakimeza kwa maji huku amekunja uso. Mwezi mzima Marivic alipita pale saa ya chakula, akamwona akimeza.

Mwezi ulipoisha, sukari ilikuwa imeshuka. Bibi akainama juu ya kaunta, akanong’ona.

“Alikuja jana. Haburuti mguu tena. Kanituma kwako.”

“Anasemaje?”

“Anasema, angalau safari hii umeuliza.”

Bibi akachukua dawa zake akaenda, na nyuma yake akasogea mzee mmoja mwenye kofia ya majani.

“Nipe za nusu mwezi tu, binti.”

“Haya jamani, fanya haraka!” foleni ikapiga kelele.

Marivic akaweka kalamu chini.

“Kwa nini nusu, Tata?”