Wali wa Herufi Tatu

Tak Bun-nye alikuwa amepiga magoti kwenye saruji baridi ya uwanja, akipanga vyakula miguuni pa sanamu la askari wa shaba. Bakuli la wali, mchuzi wa figili, kipande cha tofu ya soya aliyoitengeneza mwenyewe, na samaki mkavu mdogo kiasi cha kumtia haya. Akakisimamisha kijiko katikati ya wali, kama anavyofanyiwa marehemu, kisha akapapasa jiwe linalolibeba sanamu, upande wa mashariki, mpaka vidole vikazipata zile herufi tatu za jina.

"Mume wangu, karibu chakula," alisema. "Mwaka huu angalau una pahali pa kukaa."

Ilikuwa tarehe tisa ya mwezi wa tisa kwa kalenda ya mwezi, siku wanayopikiwa wafu ambao hakuna anayejua walikufa lini. Mumewe, Ok Chil-bong, alichukuliwa na jeshi wakati wa vita, na chanja lake la mbao la kubebea mizigo mgongoni, awapandishie askari risasi na chakula kule mlimani. Miaka ishirini na saba sasa. Hata ukucha haukurudi.

Na hapo lilipo sanamu ndipo Bun-nye alipokuwa akiuzia tofu. Ofisi ya mji ilipotaka kiwanja, wenzake walipiga kelele. Yeye alijitwika beseni lake akaondoka kimya, kwa sababu karani Pyo wa ofisi hiyo alimwahidi kwamba jina la Chil-bong litachongwa kwenye jiwe la sanamu, pamoja na ya wafu wengine wa vita. Siku ya uzinduzi alimng'ang'ania karani mkono: liko wapi? Karani, akiwakimbilia wakubwa, akanyoosha kidole. "Si hilo hapo, mama! Herufi tatu." Bun-nye hajui kusoma. Nasi wengine wa sokoni, zilivyokuwa herufi za Kichina, moja kwa kila silabu ya jina, zilitushinda. Tukampongeza. Wajinga wakubwa sisi.

"We mama! Nani kafa hapa?"

Alikuwa Mzee Maeng, mwenye kinu cha mpunga, akikatiza uwanja na karani Pyo kwenda kunywa supu.

"Mume wangu, mheshimiwa." Bun-nye aliweka kiganja juu ya jina. "Ndiye huyu."

Maeng aliinama, akasoma. Shingo ikamvimba.

"Huyo ni mimi! Maeng Du-sik! Unanipikia wali wa maiti na meno yangu yote ninayo mdomoni?"

Mmoja wetu tuliokuwa tumekusanyika alicheka, akajiziba mdomo upesi. Kumwandalia mtu hai chakula cha wafu ni kumwita kaburini, hilo kwetu hata mlevi analijua. Bun-nye aliondoa mkono kwenye jiwe kama aliyeungua, akamgeukia karani. Karani alikuwa anatazama viatu vyake.

"Upande huu ni wa waliochangia," alisema karani. "Mzee alitoa saruji."

"Na Chil-bong yuko upande gani?"

"Nielewe, mama. Wabebaji hawakuwa askari. Hawakupewa namba za jeshi, na asiye na namba wakubwa hawamkubali. Ningefanyaje mimi?"

"Ungeniambia."

"Ungehama?"

Bun-nye alikuwa amechoka, tena si uchovu wa siku moja.

"Mizinga ilipopigwa kule mlimani," aliuliza, "ilimuuliza mtu namba?"

"Hayo mtayamaliza wenyewe!" Maeng alifoka. "Kwanza aniondolee nuksi yake. Leteni chumvi ifukuze mauti. Asugue jina yeye, kwa mkono wake!"

Chumvi ililetwa, ile ya mawe ya kuchachushia kabichi. Tuliitoa sisi wenyewe wa sokoni, Mungu atusamehe. Bun-nye akailowesha maji, akaanza kusugua. Mikono ya muuza tofu inashinda majini, imepasuka kila mahali, na chumvi ikaingia kwenye kila ufa. Hakulalamika. Maeng alimsimamia, mikono nyuma.

"Hapo chini bado. Tia nguvu."

Basi la saa nne likashusha abiria. Mgeni mmoja, mtu mzima mwenye kofia, alipita karibu, akamwona mwanamke amepiga magoti mbele ya bakuli la wali, machozi yanamtoka, mkono wake juu ya jina linalong'aa maji. Alisimama, akaweka mzigo wake chini.

"Pole sana, dada yangu," alisema. Akavua kofia, akaliinamia lile jina hadi chini, mara mbili, kama anavyoinamiwa aliyekufa.

Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mwenye jina amesimama pale.

"Rudia!" Sauti ya Maeng ilikwaruza. "Rudia kuanzia juu, yote!"

Karani Pyo akausogeza mfuko wa chumvi kwa mguu. Bun-nye akachota. Mbele yake wali ulikuwa umeshapoa, na kijiko bado kimesimama katikati.